Jumapili Tatu za Jina Langu

Kanisani kwetu Jericho mtu hawi mzee kwa sababu ya mvi. Ushirika umegawanywa mitaa sita, na mzee ni yule ambaye watu wa mtaa wake wamemchagua awaangalie: ajue nani amelazwa, nani amefiwa, nani hajaonekana ibadani mwezi mzima na ni kwa nini. Mchungaji wetu ana makanisa manne, sisi humwona Jumapili moja kwa mwezi. Siku nyingine zote wazee sita ndio wanaobeba kanisa. Huhubiri kwa zamu, huongoza kikao kwa zamu, hata chumba cha nyuma hukifagia kwa zamu, na hakuna mkubwa kati yao. Wanawake pia huchaguliwa. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mimi, fundi wa nguo mwenye cherehani moja sokoni, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nikaambiwa ni mzee mteule wa mtaa wetu, ambao nao huitwa Jericho.

Watu waliniona nikilia wakadhani ni furaha. Ilikuwa hofu tupu.

Desturi yetu ni hii. Kabla mzee mteule hajawekewa mikono, jina lake husomwa mbele ya watu Jumapili tatu mfululizo. Karani wa kikao, ambaye naye ni mmoja wa wazee, husimama na karatasi yake na kusema kwamba mwenye sababu ya kumpinga huyu aje mbele ya wazee aieleze. Kwa kawaida hakuna anayekuja. Watu hukohoa, mtoto hulia mahali, wimbo huanza. Lakini mimi nilijua kuna mtu mmoja mwenye sababu, tena sababu ya kweli, na huwa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Afadhali niseme nilichofanya, maana hata leo nikikizungukazunguka ninajiona nimeanza kujitetea.

Mwanamke huyo anaishi mlango wa tatu kutoka kwetu. Wakati huo alikuwa akipika chapati na maharagwe kwenye kibanda nyuma ya soko, na mafundi wote wa upande wetu tulikula kwake. Siku moja akaniletea sketi nimpunguzie kiuno. Ilikuwa mara ya pili katika muda mfupi, ile ile sketi. Nikamtania, "Dada, hizi chapati unapikia sisi tu, wewe huli?" Hakucheka. Aliangalia nyuma, akavuta kiti, akaniambia ana kifua kikuu. Alikuwa mwezi wa pili wa dawa. Daktari alikuwa amempima tena na kumwambia hawezi kuambukiza mtu sasa, kilichobaki ni kumaliza dawa na kula vizuri.

"Lakini usiseme, mama," akaniambia. "Unajua watu wa hapa. Wataacha kununua."

"Mimi? Huu mdomo nimeshaushona," nikamjibu, na nikamwonyesha sindano.

Nilimaanisha. Ndiyo sababu huwa sijielewi nikikumbuka Jumatano iliyofuata. Jumatano jioni watu wa mtaa hukutana nyumba kwa nyumba, tunaimba, tunasoma, kisha kiongozi huuliza mahitaji ya maombi. Siku hiyo niliongoza mimi. Mmoja akaomba kwa ajili ya mama yake kule Kakamega, mwingine kwa ajili ya kazi. Tukafumba macho. Nikaingiwa na ule upole unaomjia mtu akiwa amefumba macho kati ya watu anaowapenda, nikasema, "Tumkumbuke pia dada yetu mmoja, sitamtaja jina, yule wa chapati. Madaktari wamemwanzishia dawa za kifua."

Naapa nilidhani nimemficha. Mtaa mzima ulikuwa na dada mmoja tu wa chapati.

Tulimwombea vizuri sana. Kuna mama mmoja aliyetokwa na machozi. Kufikia Ijumaa chapati zilikuwa zinashinda kwenye sinia zimefunikwa kitambaa mpaka saa tisa, na watu wakipita upande wa pili wa njia. Kila mmoja alitia chumvi yake, kutoka kifua wakafika magonjwa ambayo hakuna daktari aliyeyataja. Mwezi haukuisha akafunga kibanda. Akapata kibarua kule Baba Dogo, kwenye kiwanda cha mabeseni ya plastiki, kazi ya kusimama kutwa na dawa zile tumboni.

Hakuwahi kuniuliza. Angekuja sokoni akanitukana ningemjibu, kwa ugomvi mimi si wa kuonewa huruma, kisha tungelia wote na mambo yangeisha. Badala yake akawa ananisalimia, "Bwana asifiwe," nami ninajibu, "Asifiwe sana," na macho yake yanapita juu ya bega langu. Mwaka mmoja na zaidi tuliishi hivyo, milango mitatu. Mimi ninayemaliza maneno ya watu kabla hawajayasema sikupata maneno mawili ya kuomba msamaha. Nilijiambia kwamba sikufanya ubaya, niliomba tu. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu asiye na kosa.

Jumapili ya kwanza karani alisoma jina langu. Sikugeuka. Nilihesabu vigae vya ukutani mpaka wimbo ulipoanza. Nilichoogopa kilikuwa wazi kabisa: kwamba atasimama aseme mtu huyu akiambiwa siri huipeleka kwenye maombi, na watu watagundua ni kweli, na kutoka siku hiyo hakuna atakayeniletea shida yake wala sketi yake. Ningekuwa mama wa mdomo, basi, mpaka nizikwe.

Jumapili ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya ibada, watu wakisalimiana uani, nilimwona akimfuata karani mpaka kwenye ngazi na kumpa bahasha. Karani aliitazama, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mume wangu aliponiuliza mbona nimepauka nikamwambia ni jua, na siku hiyo ilikuwa na mawingu.

Wiki hiyo nilishona vibaya kuliko wakati wowote tangu nianze ufundi. Mteja mmoja alijaribu blauzi akasimama mbele ya kioo, halafu akaniambia, "Mama, hii mkono umeweka nyuma mbele." Nikafumua. Nikashona tena. Ikarudi vile vile. Usiku sikulala, mchana sikula, na mume wangu akaanza kuniita mzee mtakatifu, akidhani nimefunga kwa ajili ya huduma.

Siku ya Alhamisi nikashindwa kuvumilia. Karani wetu ni fundi wa viatu, kibanda chake kiko mwisho wa soko. Nikachukua viatu vyangu vya Jumapili nikampelekea. Akavigeuza, akavigonga soli, akanitazama juu ya miwani.

"Viatu viko sawa, mzee mteule."

"Niliona kama vinafunguka."

"Havifunguki."

Nikabaki nimesimama. Nikamuuliza habari za nyumbani, habari za kiuno chake, nikasifu gundi yake. Mwishowe nikauliza, kama mtu anayepita tu, kwamba nasikia huwa kuna barua zinaletwa wakati kama huu, za watu kusema hili na lile.

Akarudisha kiatu mezani. "Barua ya mtu ni ya kikao," akasema. "Mpaka kikao kikae, hata mke wangu hajui iko mfuko gani. Na wewe ukikaa huko utafanya hivyo hivyo."

Alisema bila ubaya wowote. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikiwa na viatu mkononi, nikaona aibu ambayo sikuwa nimeiona hata siku chapati zilipolala.

Nilikuwa na nafasi, lazima niseme hilo. Milango mitatu. Ijumaa nilifika mpaka kwake, nikasikia redio ndani na kijiko kikigonga sufuria, nikainua mkono kubisha. Kisha nikawaza kwamba akiniona leo, siku mbili kabla ya Jumapili ya mwisho, atajua nimekuja kwa ajili ya nafasi yangu na si kwa ajili yake. Na ni kweli, nilikuja kwa ajili ya nafasi yangu. Nikashusha mkono nikarudi nyumbani.

Jumapili ya tatu karani akasoma. "Mwenye sababu ya kumpinga..." Nikasikia benchi la nyuma likilia. Safari hii niligeuka. Alikuwa amesimama kweli, kimo chake chote, na kitambaa cheupe kichwani. Akasogea kando, akampisha mama mmoja aliyeingia na mtoto mgongoni, akakaa tena. Wimbo ukaanza.

Jumapili hiyo mchungaji alikuwa kwetu, nikawekewa mikono. Mchungaji alinishika kichwa, wazee watano wakanishika mabega, na chini ya mikono ile yote nilipumua kwa mara ya kwanza baada ya Jumapili tatu. Nilisema moyoni, amenisamehe. Nilimshukuru Mungu kwa roho yake nzuri. Nikapika kuku siku hiyo.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, chumba cha nyuma, viti sita vya plastiki na chupa ya chai. Zamu ya kuongoza ilikuwa ya mzee mmoja anayechomelea milango ya chuma, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Tulimaliza habari za wagonjwa. Kisha karani akatia mkono kwenye koti, akatoa ile bahasha.

"Hii imengoja mpaka mtaa wa Jericho upate mzee," akasema, "kwa sababu inataka sahihi yake." Akasoma. Ilikuwa mistari mitatu tu. Naomba nihamishiwe mtaa wa Ziwani. Nyumba yangu ni ile ile. Sababu ninayo, ila ninaomba nisiulizwe.

Walitazamana. Mama anayeusimamia mtaa wa Ziwani, ambaye ni mkunga mstaafu, akasema yeye hamjui vizuri huyu mtu lakini mlango wake uko wazi. Mwongozaji akacheka kidogo, akanigeukia.

"Hii ni maajabu. Mtu anaishi mlango wa tatu kutoka kwa mzee wake, halafu anataka wa Ziwani. Kwani hamsalimiani?"

Wote wakacheka, kwa upendo kabisa. Mimi pia nilicheka. Naona haya kuandika hivyo lakini nilicheka.

"Basi tusikate haraka," akaendelea. "Mtu akiandika hivi ana jambo. Twende kwake Jumamosi sisi sote sita, tukae naye atueleze, halafu tumwombee."

Hilo ni jema, na ndivyo kikao chetu kimefanya kazi miaka yote: hakuna mzee anayekwenda peke yake kwenye jambo zito. Vichwa vikaitikia. Karani akaanza kuandika. Nikawaona akilini wazee sita wakipita uani kwetu mchana wa Jumamosi, majirani wakitoka milangoni, na yule dada akiwapangia viti katika chumba kimoja huku akiulizwa kwa upole kitu ambacho ameomba asiulizwe. Hofu niliyokuwa nayo Jumapili zile tatu ilirudi yote, safari hii kwa ajili yake na yangu pamoja, na sikuweza kuzitenganisha.

"Msiende," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Kwa nini?"

"Sababu ni mimi."

Mwongozaji akaniuliza polepole nilimfanya nini. Niliona sura zao zilivyo, sura za watu wanaotaka kusaidia, na nikajua nikifungua mdomo tu watajua yote na watamhurumia sana.

"Aliniambia jambo lake, nikalitoa. Msiniulize ni jambo gani. Nikiwaambia nitakuwa nimelitoa mara ya pili."

"Jina lako lilisomwa Jumapili tatu," akasema mwongozaji. Sauti yake kubwa ilikuwa imeisha. "Kama ulimkosea hivyo, mbona hakuja kukupinga?"

Mkunga wa Ziwani ndiye aliyejibu, bila kunitazama. "Angetakiwa kuieleza sababu," akasema. "Mbele yetu. Na huyu hapa akisikia."

Sikuwa nimewaza hilo hata mara moja. Nilikuwa nimepika kuku. Nililia pale, na hakuna aliyenigusa bega, na nadhani walifanya vizuri.

Mwongozaji akasema safari ya Jumamosi haipo, na kwamba habari yangu mimi itazungumzwa mchungaji akija. Bado wiki tatu. Akamwonyesha karani kwa kichwa aendelee. Karani akaiweka barua mbele yangu, chini ya ile mistari mitatu, akanipa kalamu. Nikatia sahihi. Niliichora haraka, bila kuangalia.

Aliivuta, akaisogeza karibu na miwani, kisha akanirudishia.

"Hii haisomeki," akaniambia. "Andika jina lako lote, kwa herufi kubwa."