Natoka na Maandishi Yangu?

Mpwa alikuja na kompyuta yenye mifumo mitatu ya kuendeshea tovuti, akidhani mjomba wake atachagua mmoja wa tovuti yake mpya kwa rangi. Lakini fundi huyu wa kujalidi vitabu hakujali rangi. Alifuta gundi vidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo kabla ya kugusa kitabu cha mtu, kisha akainamia kioo cha kompyuta na kuuliza kwa sauti yake ya chini, "Nikitaka kuhama, natoka na maandishi yangu?" Mfumo wa kwanza ulikuwa na mapambo chungu nzima, ila maandishi ukiyaingiza hayatoki. Akatikisa kichwa. Wa pili, vivyo hivyo.

"Mjomba, unahama hata hujaingia?" mpwa alicheka.

Fundi hakucheka. Alinyoosha kona ya karatasi iliyokuwa mezani, akainyoosha tena. "Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa ya bure. Wenyewe walipoifunga, ilipotea na hadithi alizonisimulia mama akiwa mgonjwa kitandani. Ishirini na mbili. Kichwani nimebaki na nne, na moja kati ya hizo naikumbuka nusu."

 Mpwa akafungua mfumo wa tatu, mkavu, usio na urembo wowote, unaohifadhi kila ukurasa kama faili la kawaida. Fundi alinakili ukurasa mtupu kwenye flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake kuukuu, ukafunguka. Ndipo alipovuta kiti, akaanza kuchapa kwa kidole kimoja ile hadithi ya nusu, kabla nayo haijamponyoka.