Fungu la Tatu

Wakati wa mavuno siwezi kupita barabara ya Kitale bila kuhesabu mahindi ya watu. Wenyewe wanayakata, wanayasimamisha mafungu mafungu shambani yakauke, nami nahesabu: moja, mbili, tatu. Nikifika la tatu nageuza uso. Mke wangu hunitania kwamba nimekuwa dalali, napima mali ya wenzangu kwa macho. Sijawahi kumwambia ukweli.

Klabu yetu ya magari ilianzishwa na Wazungu wa mashamba makubwa, waliochoka kutazamana na ng'ombe wao kila Jumapili. Walipoondoka ikashikwa na Wahindi wenye maduka ya spea, kisha ikatufikia sisi: walimu, makarani, wauza mbolea. Tulinunua magari kuukuu ya saluni, tukang'oa viti vya nyuma, fundi akachomelea mabomba ya maji ndani ili paa lisitubonde gari likipinduka. Zawadi ilikuwa beberu mmoja, na ole wake mshindi aliyejaribu kwenda naye nyumbani. Alichinjwa hapo hapo, tukala wote.

Kaka yangu alikuwa dereva, mimi msomaji, wa kukaa kando yake na kumtajia kona. Siku moja kabla ya mashindano msomaji huitembea njia kwa miguu, akiandika kila kona katika daftari la shule. Shamba lililovunwa halina mti wala kibao, kwa hiyo tuliandika kwa mafungu: kulia baada ya la kwanza, kushoto baada ya la tatu. Asubuhi ya mashindano ilikuwa lazima uitembee tena, maana mafungu ni mali ya mwenye shamba, naye akitaka kuyapukuchua haombi ruhusa kwa mtu. Hiyo ilikuwa sheria ya klabu, na mimi ndiye niliyewafokea wengine waifuate.

Asubuhi ile, karibu na Moi's Bridge, sikutembea. Nyasi zilikuwa na umande, nilikuwa nimevaa viatu vipya, na chai ilikuwa tayari. Sina sababu nyingine. Nimeitafuta miaka kumi na moja, sijaiona.

Alfajiri fungu la pili lilikuwa limekwenda mashineni. Tulipoingia shambani, vumbi la gari lililotutangulia lilikuwa limetanda, na kaka hakuona mbali. "Soma," akasema, kama alivyosema siku zote. Nikasoma: kushoto baada ya la tatu. Akahesabu matatu aliyoyaona, la mwisho likiwa la nne kwa daftari langu, akakata kushoto kwa imani yote. Hapo hapakuwa na njia, palikuwa na mtaro. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Yeye alikaa hospitalini siku mbili, akafariki.

Tulimzika nyumbani, upande wa Lugulu. Mhubiri alisema haraka haraka haina baraka, na waombolezaji wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia nikaitikia kwa changu. Shemeji alisikia, akaamini. Watoto wake walikua wakiambiwa kwamba baba yao alipenda mbio kuliko alivyowapenda wao. Kila Krismasi nilikwenda pale, nikala kuku wake, nikanyamaza. Na sauti ya kaka ikanifuata kanisani, sokoni, hata bafuni: soma. Hainifokei. Ingekuwa inafoka ningeshaizoea.

Mwaka huu binti mkubwa wa kaka, ambaye sasa ni fundi wa magari mjini Bungoma, alikuja kwangu Kitale na saluni aliyoifufua mwenyewe. Alitaka kuingia mashindano ya klabu, na alitaka niwe msomaji wake.

"Baba mdogo, si unisomee," akasema. "Mama hataki, ati nitakufa na haraka kama baba. Lakini mimi si kama yeye, bana. Mimi niko na akili."

Maneno hayo yalinichoma kuliko yale ya mhubiri.

"Baba yako alikuwa na akili," nikamwambia. "Mimi ndio sikutembea hiyo njia."

Nikamweleza yote, chai, viatu na fungu lililoondolewa. Alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa, na aliendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Mwishowe akauliza kama baba yake alijua. Hilo ndilo swali nililoomba asiulize.

Alijua. Siku ya pili wakuu wa klabu walisimama kando ya kitanda chake wakiuliza kulitokea nini. Nikafungua kinywa, lakini yeye akaniwahi. "Niliingia na kasi," akasema. "Huyu alisoma vizuri." Kisha akanitazama mpaka nikainamisha macho. Nikaliacha liwe hivyo.

Binti alikikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya boneti.

"Yaani alikufunika wewe, sisi akatuachia hasira," akasema. "Enda umwambie mama. Na usiniambie nikupeleke."

Nilikwenda kesho yake asubuhi, peke yangu. Shemeji alikuwa barazani akichambua maharagwe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mkono, na nilidhani labda hakunisikia. Nilianza kurudia, akanizuia.

"Huyo mtu sijawahi kumlilia," akasema.

Akaweka ungo chini, akaanza. Nilikaa pale mpaka jua likageuka, na hakuniambia niondoke wala nikae.