Ndugu Mzima wa Kulinganisha

Wenzake kazini walimwita Mwewe kwa sababu riziki yake ilikuwa angani. Alikuwa dereva wa kreni, ile ndefu ya kujengea maghorofa, na kibanda chake cha vioo kilikuwa juu kuliko jengo lenyewe. Kupanda ngazi zake ilikuwa safari, na kushuka safari nyingine. Tumbo lilipoanza kumsumbua, lilimkuta mahali pabaya kuliko pote.

Wenzake walicheka. "Mwewe siku hizi anaendesha kotekote, juu kreni, chini tumbo!" Naye akacheka nao. Hakuwaambia kwamba kulikuwa na damu. Hakuwaambia kwamba haja ilimjia ghafla kama mtu anayesukuma mlango bila hodi, na kwamba hata akitoka chooni, tumbo lilimwambia bado. Akaacha chai ya asubuhi. Akaacha chakula cha mchana. Akawa anapanda na ndoo yenye kifuniko, ameiviringishia koti.

Zahanati walisema ni amiba. Akameza dawa, damu ikapungua, kisha ikarudi. Wakasema amiba tena. Jirani akasema ni pilipili. Mama mkwe akasema hapa kuna mkono wa mtu, na tangu hapo Mwewe akawa anawatazama wenzake kwa jicho jingine, akijiuliza nani anakitamani kiti chake.

Siku moja, akiwa ameinua mzigo wa nondo, haja ilimbana hadi jasho likamwingia machoni. Mzigo ukayumba. Chini watu walikuwa wanapita. "Mwewe! Shusha! Shusha polepole!" msimamizi alipiga kelele kwenye redio. Aliushusha salama, lakini suruali yake ilikuwa imeshaharibika. Alibaki kule juu mpaka watu wote walipoondoka.

Mkewe, ambaye ni msusi, aliikuta suruali kwenye beseni, maji yamegeuka rangi. Hakupiga kelele.

"Baba watoto, mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho hupandi huko juu. Kesho tunakwenda hospitali kubwa."

Daktari bingwa wa utumbo, mama wa makamo, alimsikiliza bila kumkatiza. Alipima choo, hakukuta amiba. Akampitishia kamera kwa nyuma, akachukua vinyama vidogo vya kupeleka maabara. Majibu yalipotoka alichora bomba lililopinda, akalikwaruza ndani kwa kalamu.

"Huu ni utumbo wako mpana. Ngozi ya ndani imevimba na ina vidonda. Kinga ya mwili wako inaupiga utumbo kama adui."

"Nani kaituma?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta. Kuna cha kurithi, kuna vijidudu wanaoishi tumboni, kuna mengine. Chanzo chenyewe hatujakijua. Ila hakuna aliyekutupia kitu."

"Na kupona?"

"Kutulia, inawezekana. Kupona kabisa kwa dawa, nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Dawa za kwanza zilimjaza uso, zikamnyima usingizi na kumfanya mkali kwa watoto. Lakini damu ilikatika. Kazini walimshusha chini, awe anamwelekeza dereva mpya kwa redio. Wakaendelea kumwita Mwewe, na jina likaanza kumchoma.

Daktari alikuwa pia anafanya utafiti. Aliwataka wagonjwa walete ndugu wa tumbo moja walio wazima, damu na choo vyao vilinganishwe, huenda tofauti ikaonyesha ugonjwa unapoanzia. Mwewe alikuwa na mdogo wake, mwalimu wa michezo, mtu wa kifua mbele ambaye hata panadoli alizionea kinyaa.

"Kaka, wasomi wazima wanataka choo changu?" Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alikipeleka.

Wiki chache baadaye akaitwa. Choo chake kilikuwa na dalili za uvimbe. Kamera ikaonyesha ugonjwa uleule, umeanzia chini kabisa. Daktari alipomuuliza kama aliwahi kuona damu, alijibu kwamba aliiona mara mojamoja, akadhani ni bawasiri.

Jioni hiyo alikuja kwa kaka yake, akakataa kukaa.

"Ulinitafuta niwe mzima wa kulinganishwa nawe. Sasa tumelingana. Umefurahi?"

"Shemeji," mke wa Mwewe alisema, "ugonjwa haukuingia kwa kupimwa."

"Haukuingia. Lakini usingizi wangu ndio umetoka."

Akaondoka. Dawa hakwenda kuzichukua, na simu za kaka yake hakuzipokea. Mwewe alijua mdogo wake ana makosa, lakini kila alipokaa kula alijiona kama aliyemsukuma shimoni.

Kisha mwalimu mkuu akapiga simu: mwalimu wa michezo kaanguka uwanjani mbele ya wanafunzi. Mwewe alimkuta wodini, midomo imepauka, chupa ya damu inaning'inia juu yake. Daktari alisema watajaribu dawa ya mshipani, ikigoma utumbo utakatwa.

Mdogo wake alitazama dari.

"Kaka, baba naye alikuwa hivi?"

Mwewe alivuta kiti karibu na kitanda. Baba yao alikufa amekonda, na kwao walisema tu "tumbo". "Sijui. Nakumbuka popote tulipokwenda alichagua kukaa karibu na mlango."

"Na mimi nakumbuka. Nilidhani ni maringo."

Walicheka kidogo, kisha mdogo mtu akageukia ukutani, mabega yakatikisika. Mwewe akamwekea mkono mgongoni.

Dawa ilikubali. Utumbo haukukatwa, ingawa daktari hakusema kwamba hautakatwa kamwe. Mwalimu amerudi shuleni na filimbi yake, anameza vidonge kwa hasira. Kliniki wanakwenda pamoja, wanaongea habari za mpira, na neno lile la "umefurahi" hakuna anayeligusa. Utafiti haujapata jibu.

Mwewe aliwahi kumuuliza daktari kuhusu watoto wake, akaambiwa wengi wa watoto wa wagonjwa hawaupati. Neno "wengi" halikumtosha. Binti yake akilalamika tumbo linauma, Mwewe huacha anachokifanya, humwita kando na kumuuliza kama ameona damu, kwa sauti ya kawaida kadiri anavyoweza.