Vitabu Vilisema Washa Moto

Nilikuwa nauza vitabu vya mitumba mjini Beni. Nilivitandaza juu ya turubai, mbele ya duka la simenti: kamusi, vitabu vya shule, vya ibada, riwaya za Kifaransa zilizopoteza majalada. Vilikuja na marobota kutoka Kampala, na ndani yake havikukosekana vile ambavyo hakuna mteja aliyevitaka, vitabu vya kufundisha watu kula vya porini. Kulikuwa na picha za majani, uyoga na mizizi, na mzungu mwenye viatu vizuri akichemsha kitu katika kopo. Kwa kuwa havikununuliwa, nilivisoma mwenyewe.

Siku moja ya soko mume wangu Kasereka alifika na pikipiki yake, akakaa kando yangu, akaniomba nimtafsirie ukurasa. Alikuwa mkulima wa kakao. Kifaransa chake kilikuwa kidogo.

"Huyu muzungu, kwake hakuna chakula?"

"Iko. Anaendaka mu pori kwa kujifurahisha."

"Kujifurahisha?" Alicheka mpaka mwenye simenti akatoka kuangalia. "Aje huku basi. Sisi tumupe pori, yeye atupe nyumba yake."

Mimi pia nilicheka. Lakini vitabu vile nilivipenda. Vilisema kwamba mtu mwenye ardhi chini ya miguu yake hafi njaa, ilimradi awe na subira na ajue kutazama. Nilisoma hayo mara nyingi, nikayaamini.

Vita vilikuwa vimetuzunguka miaka mingi. Tulisikia kijiji hiki kimechomwa, kile kimekimbiwa, halafu asubuhi tunafungua biashara. Kakao ikikomaa haingoji amani. Ndiyo maana msimu ulipofika tulikwenda wote watatu kijijini kwa mama yake Kasereka, kwenye ukingo wa msitu: yeye, mimi, na binti yetu Masika, ambaye alikuwa bado hajaanza shule.

Wenye silaha walikuja mchana, jua likiwa wazi. Mama mkwe alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Kasereka alikuwa anapasua kakao chini ya mti.

Tulisikia mbwa. Kisha risasi upande wa kanisa.

Kasereka alimbeba Masika. Mimi nilimshika mama mkono. Tulipita katikati ya kakao, tukaingia msituni. Hatukugeuka.

Tulipokaa chini ndipo nilipoona kwamba mama alikuwa bado ameishika sufuria yake.

Tulidhani tungerudi kesho yake. Lakini risasi ziliendelea kusikika upande wa barabara, na walioua walibaki katika mashamba, wakivuna kakao yetu. Kasereka alikuwa na matunda machache ya kakao ndani ya mfuko wa begani. Masika alifyonza ute mweupe wa mbegu mpaka ukaisha. Baada ya hapo tulikuwa na msitu tu.

Niliutazama msitu ule kama nilivyofundishwa. Hakuna jani hata moja lililofanana na picha. Ile ilikuwa mimea ya kwao, ya nchi zenye theluji. Tulikula machipukizi mabichi, tukaumwa tumbo. Masika aliharisha. Macho yake yakawa makubwa, kisha akaacha kulia, na hapo ndipo hofu iliponishika kweli.

Mama mkwe ndiye aliyeona mmea unaotambaa wa viazi vya pori. Alichimba kwa kijiti na vidole. Viazi vilikuwa vikubwa, na vingi. Masika alinyoosha mkono, mama akaupiga.

"Hapana! Bibichi binauaka mutu. Lazima bichemke, umwange maji, bichemke tena."

Tulikaa tukivitazama.

Kasereka alikuwa na kiberiti cha gesi mfukoni. Vitabu vyangu vyote, ukurasa wa kwanza, vilisema hivyo hivyo: washa moto. Mwandishi hakuwa mwongo. Aliandikia mtu ambaye hakuna anayemtafuta. Sisi tulijua moshi unafanya nini. Familia moja iliyojificha ng'ambo ya kilima ilikuwa imewasha moto, na tulikuwa tumesikia kilichofuata.

"Hapana kuwasha," mama alisema. "Moshi itatuuza."

"Mama, angalia mutoto," Kasereka alisema.

"Naona mutoto. Nakuona na weye."

Kasereka aliivuta sufuria ya mama. Kisha akaanza kuvipanga viazi ndani yake, taratibu, kama mtu aliye jikoni kwake.

"Nitaenda kupikia kule mbali, ngambo ya muto," akasema. "Moshi ikiuza mutu, itaniuza miye peke yangu. Kama munasikia kitu, mukimbie. Hapana kunigoja."

Nilimwambia nitakwenda mimi. Akasema, "Na nani atamubeba Masika?" Mama yake alikuwa hawezi tena kumbeba. Alimgusa mtoto kichwani, akaenda.

Baadaye moshi ulipanda juu ya miti, mwembamba. Mama aliimba wimbo wa kanisa kwa Kinande, lugha yake, midomo tu ikitembea, bila sauti.

Moshi uliendelea kupanda.

Kisha sauti za watu.

Kisha risasi moja.

Hatukukimbia. Mama alituvuta chini ya gogo, tukalala juu ya mtoto. Wadudu walitembea usoni mwangu, sikuwafukuza. Hakuna aliyekuja.

Kulipotulia nilivuka mto. Alikuwa amelala kifudifudi karibu na moto. Walikuwa wamechukua viatu vyake vya mpira. Sufuria hawakuigusa, ilikuwa bado inachemka. Maji yake yalikuwa maangavu, kwa hiyo nilijua kwamba yale ya kwanza alikwisha kuyamwaga, na kwamba kazi aliyopewa na mama yake aliimaliza.

Nilimgeuza. Nilimfunika kwa majani. Kaburi sikuweza kuchimba.

Halafu nikaipua sufuria, nikarudi nayo.

Mama aliniona ninakuja peke yangu. "Na yeye?" aliuliza. Nilitikisa kichwa. Alikaa chini. Baada ya muda alichukua kipande, akakiweka mdomoni mwake, akangoja kuona kama kitamdhuru. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Kula. Ni baba yako alipika."

Tulikula wote. Nasema hivyo kwa sababu watu hudhani mtu hawezi. Anaweza.

Askari wa doria walitukuta, wakatutoa hadi barabarani, na lori likatuleta Butembo. Tunakaa mtaa wa Mususa, katika chumba kimoja nyuma ya karakana ya mafundi mbao. Niliwaomba askari warudi wamzike. Walisema eneo halijawa salama, na hata leo halijawa. Mama mkwe aliishi kidogo tu. Yeye ana kaburi na msalaba, na kanisa zima lilimsindikiza. Siku ya mazishi yake nililia kwa wivu.

Nauza tena vitabu. Kijana mmoja aliniuliza, "Mama, iko kitabu ya namna ya kuishi mu pori?" Nilimjibu haiko, na ilikuwa kweli.

Masika sasa ananifikia begani. Watu wa kanisa huniambia Kasereka hakufa bure. Namtazama binti yangu, nakubali kwamba wanasema kweli. Lakini hesabu hiyo hainipi kitu. Nikiamka, nafasi yake kitandani ni baridi ile ile.

Juzi nilimuuliza Masika anakumbuka nini. Alifikiri, akasema biazi. Bilikuwa bya moto, na hapakukuwa chumvi.

"Na baba?"

Aliniangalia kama mtu anayeogopa kuniumiza. "Labda ukinionyesha foto."

Foto hatuna. Zilikuwa katika simu, na simu ziliungua na nyumba ya mama kijijini. Basi nikaanza kumweleza: alikuwa mrefu, mabega yake yalikuwa hivi. Nilipofika usoni nilisimama. Macho niliyapata. Mdomo niliutafuta, nikautafuta tena, na Masika alikuwa bado anangoja.