Msanifu Aliyeipa Treni Mgongo

Kutoka dirisha langu la tiketi namwona mzee aliyesanifu ile treni ya starehe inayopanda na kuporomoka. Hukaa chini ya reli, ameipa mgongo, penseli sikioni. Haitazami, anasikiliza makelele. Mnyororo ukiivuta kwenda juu, vidole vyake hupanda paja taratibu. Treni haina injini, kwa hiyo kilele cha kwanza lazima kizidi vyote. Baada ya hapo inakimbizwa na uzito wake tu. Abiria wakipiga kelele mapema, hukunja uso: "Hao nimewatisha bure." Wakipiga kwenye mteremko, hunong'ona, "Haya, hapo sawa."

Juzi mkewe, mama mpole ambaye hata watoto aliwakemea kwa macho, alimletea koti alilosahau. Akaliweka dirishani kwangu. "Nikatie na mimi." Treni ikaporomoka, na juu ya sauti zote kikapasuka kicheko kimoja kisichojua aibu. Mzee akageuka kutafuta ni nani. Penseli ikaanguka, hakuiokota. Mama akashuka akihema, mtandio begani.

"Mama watoto, sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi miaka yote?"

"Kwani wewe ulinipandisha lini?"