Makala Yangu Mdomoni mwa Wakili

Wakili wa upande wa pili alipotaja jina langu, nilisogea mbele palepale kwenye benchi. Tulikuwa kwenye baraza la ardhi mjini Sumbawanga, nimemsindikiza mama mdogo. Mumewe alikuwa amefariki, na sasa shemeji yake alilitaka shamba la Laela, lile ambalo mama mdogo amelilima miaka yote kwa kufukia nyasi kwenye matuta ya mviringo, kama tulivyolelewa Wafipa.

Mimi nafundisha historia ya sheria chuoni. Niliwahi kuandika makala kuhusu mirathi ya Ufipa. Wazee wanaume waliniambia mjane hana shamba. Wajane wakaniambia wazee wanajisemea tu, aliyefukia nyasi ndiye mwenye tuta. Niliandika yote. Msomi mmoja akanukuu nusu ya kwanza. Wa pili akamnukuu yeye, wa tatu akawanukuu wote wawili, hivyo hivyo hadi wa tano, na kila mmoja akabandika jina langu chini ya ukurasa bila kuifungua makala yenyewe. Ndivyo tulivyo wasomi, rejea zikiwa nyingi tunaona ushahidi umekamilika. Lisemwalo lipo! Hili halikuwepo, na niliogopa kweli.

“Mila iko wazi, mheshimiwa,” wakili alisema, akifungua kitabu kimoja baada ya kingine.

Mama mdogo alinigeukia. “Mwanangu, ni wewe umesema hivyo?”

Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti akaniruhusu, nikaifungua makala kwenye simu, nikasoma ukurasa wangu mzima, na maneno ya wajane ndani yake. Nilisoma mbiombio kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha zaidi. “Sasa mwalimu, vitabu vitano vinasema hivi, wewe peke yako unasema vile. Tushike lipi?”

“Vyote vitano vimetoka kwangu, mheshimiwa.”

“Kama vimetoka kwako, mbona havifanani na wewe?”

Hakungoja jibu. Akapanga siku ya hukumu.

Nje upepo wa kipupwe ulikuwa ukirusha vumbi. Mama mdogo alijitanda kitenge cha pili, tukatembea mpaka karibu na stendi.

“Hao watu watano wanakaa wapi?” aliniuliza. “Twende tukawaambie kabla ya hukumu.”

Nilimshika mkono. Watano hao niliwajua vitabuni tu; sikuwa na pa kumpeleka.