Antivirus ilitaka kuona video za dada yangu: jinsi tulivyosafisha simu ya nyumbani

Wakuu, poleni na kazi huko mliko.

Mimi hapa huwa nasoma tu, sichangii. Shule niliishia darasa la nane na kuandika kwangu ni pole pole, kwa hivyo mnivumilie. Lakini hii imetokea kwetu nyumbani, sijaongeza chumvi. Dada yangu ameniruhusu niiandike mradi nisitaje jina lake. Nitamwita Chela.

Tuko upande wa Sotik. Tuna majani chai kidogo, ng'ombe na mahindi ya kula.

Smartphone nyumbani ni moja. Ni yangu kwa jina, lakini ikilia kila mtu anainuka.

Sasa, Chela ana kifafa. Hakimshiki kila mara. Kinaweza kupotea mpaka mnasahau, halafu kinarudi. Daktari kule hospitali ya Longisa alisema dawa anayokunywa pengine si ya kifafa cha aina yake, lakini hawezi kuibadilisha kwa kubahatisha. Akatuambia kikija tena, mtu mmoja arekodi kwa simu ili yeye aone mwili unaanzia wapi kutingika.

Chela alikataa. Baadaye akakubali, kwa sharti kwamba nirekodi mimi, na video zionwe na mama, mimi na daktari peke yetu.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu wewe hata ukitaka kusema kitu, unachukua wiki."

Nikarekodi mara mbili. Sitaeleza zile video zilivyo. Mtu akiwa katika hali hiyo hajichagulii anavyoonekana.

Tena kulikuwa na koito inakuja, ile siku watu wa kijana wanakuja kwa msichana kuongea mambo ya ndoa. Kijana mwenyewe anajua ugonjwa, Chela alimwambia mapema. Mama ya kijana ndiye alikuwa hajui. Chela alitaka kumwambia kwa mdomo wake kabla ya siku hiyo. Hakutaka asikie kwa watu, na zaidi ya yote hakutaka aone kwa simu.

Basi ikafika ile wakati wa kungojea bonus.

Wenye majani mnajua. Bonus ya mwaka, ile pesa ya ziada factory inatulipa wakulima, ikikaribia, pale buying centre tunapouzia majani hakuna hadithi nyingine. Unapimiwa majani huku unaulizwa factory yenu itatoa ngapi. Kila mtu ana binamu anayejua karani anayejua siri.

Ndipo kwa group ya simu ya centre ikaingia link. "Angalia bonus ya factory yako kabla haijatangazwa." Haikutoka factory yoyote, mtu tu alikuwa ameforward na yeye alikuwa ameforwardiwa.

Baba alichukua simu nikiwa nakata nyasi ya ng'ombe. App ikamwambia kwanza azime ule ulinzi ambao simu ilikuja nao. Akazima. Ikaomba kusoma message, contacts, picha na video. Akaruhusu zote.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu, "Iliomba vizuri. Iliandika please."

Bonus haikuonekana. Kilichoonekana ni matangazo, mpaka simu ikiwa mezani imelala inajiamsha na kukuonyesha mambo ya aibu mbele ya mama yako. Halafu message zikaanza kutoka zenyewe, ile link ya bonus, kwa kila mtu tuliyehifadhi namba yake.

Mjomba ya yule kijana alimpigia baba. Simu ikiwa na sauti kubwa sote tukasikia.

"Mzee, naona bonus yenu imetangulia ya watu wote. Basi koito tuje kesho, mchinje ng'ombe mbili."

Baba akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Chela pia hakucheka. Aliniangalia tu, na nikajua anafikiria kile ninachofikiria. Kama hii kitu imemfikia mjomba, imemfikia na mama ya kijana. Leo imetuma link. Kesho itatuma nini?

Nikazima data. Asubuhi nikaenda sokoni Ndanai kwa fundi wa simu, kijana wa rika langu anaitwa Denno. Ni mtu mzuri na anaongea kwa niaba yake na yako pia.

"Hii ni kawaida," akasema. "Wewe ni wa nne na bonus yenu. Weka antivirus, bonyeza allow, allow, allow, nenda nyumbani unywe maziwa yako ya mursik."

Akawasha data yake, akanishushia app moja ya bure yenye nyota nyingi. Akanipa simu nimalizie mwenyewe.

Wakuu, mimi Kiingereza nakisoma neno moja moja, kama mtu anayechagua mawe kwa maharagwe. Kwa hivyo nilisoma.

Ilitaka contacts. Ilitaka kujua mahali nilipo wakati wote, hata nikiwa siitumii. Ilitaka maikrofoni. Ilitaka picha na video zote. Halafu chini, kwa maandishi madogo, ilisema file ambayo haiielewi inaweza kuituma kwa kompyuta zao ikachunguzwe huko, na kwamba habari nyingine inaweza kugawana na wenzake wa biashara.

Denno akanichungulia. "Wewe unasoma hiyo kitu kama unahubiri kesho?"

"Inataka video."

"Si inataka kuzikagua. Utakaguliwa aje ukiwa umefunga mlango? Na hao watu wa mbali watafanya nini na video ya ng'ombe yako?"

Watu wawili waliokuwa wanangoja wakacheka. Nilitamani kumwambia si ng'ombe. Nikachukua simu nikasema nitarudi.

Njiani nilifikiria sana, na sitaki mfikirie Denno alikuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa na uzito. Mwizi alikuwa tayari ndani ya nyumba. Askari ndiye angemtoa. Lakini askari mwenyewe alikuwa anataka funguo ya kila chumba, na alikuwa amesema waziwazi kwamba ana marafiki.

Tena kulikuwa na jambo ambalo lilinichukua mpaka nifike kwa geti kulielewa. Nilikuwa nachagua kana kwamba siri ni yangu. Simu ni yangu, lakini zile video si zangu.

Nikamkuta Chela shambani akichuna majani, kikapu mgongoni. Nikamweleza yote. Hakuacha kuchuna.

"Zimetoka?" akauliza.

"Sijui."

"Usiniambie hujui."

"Chela, kweli sijui."

Hapo ndipo mikono yake ilisimama. Akasema nifute zile video sasa hivi na yaishe. Nikamwambia tukizifuta, daktari ataona nini? Tungoje uanguke tena? Siku yake ya kliniki ilikuwa karibu, na akikosa kuonyesha kitu angerudi na dawa ile ile ambayo haimsaidii.

"Basi fikiria," akasema. "Wewe ndiye mtu wa kusoma. Lakini usiruhusu kitu bila kuniuliza."

Tulifanya hivi, na kama kuna mahali tulikosea mnisahihishe.

Mama alikuwa na simu ya zamani iliyokufa, lakini memori kadi yake bado nzima. Data ikiwa imezimwa, nikahamisha zile video mbili kwa kadi. Nikazifuta kwa simu. Halafu nikagundua ukifuta, simu huwa inaziweka kwanza mahali pa takataka, kwa hivyo nikaingia huko nikafuta tena. Nikatoa kadi. Chela akaifunga kwa karatasi ya nailoni, akaiweka kwa kopo la mama la sindano na vifungo. Akakaa na hilo kopo kitandani kwake.

Sasa hata kama askari angeingia kila chumba, kile chumba kilikuwa hakiko tena.

Kesho yake nikarudi kwa Denno. Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimerudia sentensi yangu njia nzima, na nikamwambia, "Kuna mambo ya mgonjwa kwa hii simu. Si yangu kuyaruhusu."

Denno hakucheka. Akanisogezea kiti. "Ungesema jana," akasema. "Hata mimi nina mama mgonjwa."

Ile app ya bonus ilikuwa imekataa kutolewa kwa sababu ilijipa mamlaka ndani ya simu. Denno akawasha simu kwa safe mode, ambamo app za nje hazifanyi kazi, akainyang'anya mamlaka kwa settings, akaitoa. Kisha tukawasha ule ulinzi wa simu ambao baba alikuwa amezima kwa heshima.

Antivirus tuliweka, lakini si ile ya kwanza. Tuliweka nyingine ambayo iliomba machache. Maikrofoni nikakataa. Mahali nilipo, nikakataa. Contacts, nikakataa. Kutuma file kwao, nikazima. Ikafanya kazi vilevile. Ikakuta lile file la bonus lingali limelala kwa downloads, ikalitoa. Kazi yake ikiisha nikaitoa nayo. Denno anasema nimekosea, ningeiacha. Tulibishana mpaka mteja mwingine akakasirika.

Halafu nikamuuliza lile swali ambalo lilinileta. Video zilitoka?

Denno akafungua mahali pa kuonyesha kila app imekula data kiasi gani. Ile ya bonus ilikuwa imekula kidogo sana. Akaniambia hiyo inatosha matangazo na maneno tu, na video kama zile hazipiti hapo hata moja.

"Na kwa nini imekula kidogo hivyo?" nikauliza.

"Kwa sababu bando lenu ni la wapi? Hata mimi ningekuwa virusi ningelala njaa humu."

Wakuu, baba yangu hununua bando ndogo kuliko zote zinazouzwa, na tumemlalamikia miaka yote. Siku hiyo niliporudi nyumbani nilimsalimia kwa mikono miwili. Hakujua kwa nini.

Chela alikuwa anangoja kwa geti. Nilimwambia, "Hazikutoka." Akakaa chini pale pale kwa nyasi, na aproni yake ya kuchunia majani, akavuta pumzi kama mtu ametua mzigo wa kuni.

Kazi moja ilikuwa imebaki, na kwangu ilikuwa ngumu kuliko zote. Ilibidi niwaambie watu wa centre. Kwa group niliandika mistari mitatu nikaifuta mara nyingi. Mwishoni nikaenda mwenyewe, lori la kubeba majani likiwa limechelewa, nikasimama karibu na mizani nikasema ile app ni ya uongo, itoeni hivi na hivi. Mzee mmoja akasema, "Kumbe huyu kijana huongea." Mwingine akatoa simu akaniletea. Halafu mwingine. Majani yalipimwa wakiwa bado wamenizunguka. Baba sasa hapo wanamwita Please.

Kliniki tulienda na kadi. Tukaiingiza kwa simu mbele ya daktari, akatazama mara mbili, akasema ndiyo, hiki kifafa kilikuwa kinahitaji dawa nyingine. Akabadilisha. Tukatoa kadi, Chela akaiweka kwa mkoba wake. Sijamuuliza iko wapi.

Na kabla ya koito alienda kwa mama ya kijana peke yake. Alisema alimwambia wakiwa wanamenya viazi. Yule mama hakuinua macho. Akamuuliza, "Dawa unakunywa saa ngapi? Ndio nijue saa ya kukuwekea chakula."

Chela alinisimulia hayo akicheka na kulia pamoja.

Mimi nilichojifunza ni kwamba virusi ni hatari kweli, msidharau, na antivirus si adui. Lakini zote mbili zinapita kwa mlango ule ule unaoitwa allow. Soma kinachoombwa, hata kama unasoma pole pole kama mimi. Na kama kuna siri ya mtu mwingine ndani, muulize mwenyewe kwanza.

Wale wanaojua zaidi, niambieni kama nilikosea kuitoa ile antivirus, Denno anangoja jibu. Na wewe unayesoma, hiyo simu iliyo mkononi mwako inabeba siri ya nani?